Kilomita za Kagabo

Bukoba, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Kagabo,

Salamu kutoka huku ambako mvua imegoma na umeme umeamua kuiunga mkono. Mimi sijambo, ila goti. Mama ana afya kuliko sisi sote: ana miaka themanini na mbili na bado anakosoa mahubiri ya padri kwa sauti, tena akiwa benchi la mbele. Kuku wetu waliibwa wakati wa Krismasi, halafu wawili wakarudi wenyewe. Nadhani mwizi aliwapima kwa mkono akaona bora aibe kwingine.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani, na simu ninayo. Kwenye simu wewe hushikiki. Nikianza neno unanichekesha, nikimaliza kucheka nikirudia neno, mtandao unakatika. Kigali nzima inasifiwa kwa mtandao, isipokuwa wa kwako, ambao unakufa kila nikifika kwenye swali. Barua haikatiki. Twizeyimana, yule anayenunua dagaa hapa na kwenda kuwauza Nyabugogo, amekubali kutubebea na ameapa hatazisoma. Hata akisoma za kwako, hatapata hasara wala faida.

Neno lenyewe ni hili. Mama anataka kurudi Rwanda, akae kwako. Sisemi kutembea wiki mbili, nasema kukaa. Na anataka awe amehama kabla ya Agosti. Una nyumba Niboye, yenye ua na maji ya bomba, na una mke mwenye adabu kuliko unavyostahili. Binti yenu Umutoni mmeshamwoza, chumba chake kiko wazi. Nijibu ndiyo au hapana. Ikiwa ni hapana, nipe sababu ninayoweza kumsomea Mama bila mimi kuona haya.

Msalimie Illuminée. Mama anasema umenenepa vibaya, aliona picha.

Dada yako,
Mukunde


Kigali, 16 Februari 2025

Dada Mukunde,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama uniwekee kando, aipokee akiwa ameshakula. Barua yako ilifika ikinuka dagaa, paka wa jirani akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa binadamu. Hatujambo. Umutoni na mumewe hawajambo. Kazi ni ileile ya kufundisha udereva: nakaa kiti cha pembeni nimeweka mguu kwenye breki ya mwalimu, huku mtoto wa watu anajifunza kuendesha kwa kutumia roho yangu. Juzi mama mmoja alisimamisha gari katikati kabisa ya makutano ya Sonatubes, malori yakipiga honi pande zote, ili aniulize kama pale inaruhusiwa kusimama.

Kuhusu unene, mwambie Mama hiyo picha imepitwa na wakati. Nimeanza kukimbia. Cheka, halafu uendelee kusoma. Daktari alinipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akarudi kwenye mashine kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini. Tangu siku hiyo kila asubuhi niko barabarani.

Ngoja nikueleze njia yangu, maana nimeipenda kuliko inavyonipenda. Natoka getini kwangu Niboye, napanda mpaka Sonatubes, na mlima ule ni mfupi kwa gari tu. Pale madereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, wanapangusa helmeti zao na kunionea huruma. Mmoja kila siku ananiambia, "Muzee, panda, bei iko kidogo." Kisha nashika barabara ya uwanja wa ndege, jua linachomoza mbele yangu, linanipiga usoni, nakimbia nimefumba jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Nikigeuka kurudi, linanikaa mgongoni, linanisukuma polepole mpaka nyumbani. Kuna sehemu barabara inalala sawa na mapafu yananisamehe. Hapo ndipo ninapopapenda. Mchana kutwa nakanyaga breki kwa ajili ya wengine. Hapo, dada, hakuna wa kumsimamishia gari. Niko mimi na tumbo langu, nalo siku hizi linafika baada yangu.

Wenzangu wa mbio ni watu wa kusikitisha. Jumapili zile ambazo magari yanazuiwa barabarani, Kigali inatoka kufanya mazoezi kama imealikwa harusi. Viatu vya rangi ya ndizi mbivu. Saa za mkononi zinazowaambia kwamba wamechoka, habari ambayo mimi napewa bure na miguu yangu. Tuna kiongozi anaitwa Jean-Paul, amekulia Bujumbura, anakimbia kinyumenyume mbele yetu akipuliza filimbi ili atuone vizuri tunavyoteseka. Jumapili iliyopita masista wawili walinipita wakisali rozari. Walikuwa wanatembea.

Kuhusu Mama, nimesikia. Nyumba inahitaji marekebisho kidogo kwanza. Tutaongea.

Mdogo wako,
Kagabo


Bukoba, 9 Machi 2025

Kagabo,

Marahaba. Mama amepokea shikamoo yako akiwa hajala, utajua kwa nini hapo chini. Mvua imekuja yote kwa siku moja, imebeba choo cha jirani mpaka kwenye migomba yetu, na jirani amekuja kudai mabati yake kana kwamba sisi ndio tuliyaita.

Nimekuuliza neno moja, umenijibu kilomita kumi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta Mama yuko wapi ndani yake, nikamkuta chini kabisa, baada ya masista, karibu na sahihi. Na nyumba uliyojenga juzi, ambayo ulitutumia picha ya kila tofali, inarekebishwa nini? Imechoka? Na yenyewe inakimbia asubuhi?

Nilimsomea Mama. Alisikiliza yote, hata ya bunduki, kisha akauliza, "Anafukuzwa na nani?" Nikamwambia hafukuzwi, ni mazoezi. Akaendelea kuchambua maharage. Kisha akasema katika ukoo wetu watu wamewahi kukimbia, na kila mara walijua wanakimbia nini. Nimekuandikia kama alivyosema. Usije ukasema nimetia chumvi.

Mengine ni ya kawaida. Mzee Mugenzi, kiongozi wa kwaya yetu, huja kula chakula cha mchana nasi Jumapili baada ya misa. Ni mjane, hana wa kumpikia, na anashukuru kwa kila tonge. Mama siku hizo hali mezani. Anachukua sahani yake anajifungia jikoni. Mara nyingine hali kabisa mpaka mgeni aondoke. Nadhani ni meno.

Ndiyo au hapana, Kagabo. Agosti haiji kwa kutembea.

Mukunde


Kigali, 18 Mei 2025

Dada Mukunde,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na najua umeshanitukana kwa Kihaya ili Mama asielewe. Barua yako Twizeyimana alikaa nayo mpakani, kisha ikaja Aprili, na Aprili huku ni mwezi wa maombolezo, si wa kuandika mizaha, nami mizaha ndiyo kazi ninayoijua. Sasa mvua zimepungua. Umutoni ana mimba, usimwambie mtu, ameshawaambia watu wote. Mwanafunzi wangu mmoja amefaulu leseni. Tangu siku hiyo natembea mtaroni, mbali na magari.

Nimebadilisha njia ya mbio kidogo, maana wanasema mwili ukizoea njia unaanza kudanganya. Siku hizi napita pande za Busanza. Asubuhi huku ni nzuri: watu wananing'iniza blanketi kwenye baraza za maghorofa, harufu ya chapati, redio tano zinasali sala tano. Jua linakuwa limechomoza nyuma yangu. Basi kivuli changu kinanitangulia barabarani, kirefu, chembamba, kijana wa miaka ishirini asiye na tumbo wala presha. Namfuata kuelekea Sonatubes kwa bidii zote na sijawahi kumfikia. Sonatubes nageuza. Kurudi ndiyo adhabu, jua lote machoni, na yule kijana amegeuka kuwa kitu kinachoburuzika nyuma yangu. Sitaki kusema njia ina maana gani. Jean-Paul anasema kila njia ina maana yake. Huyo ni mtu aliyenunua soksi tofauti za mguu wa kulia na wa kushoto kwa sababu duka lilimwambia miguu yake haifanani.

Sasa hayo meno ya Mama. Dada, mimi ni mdogo wako, lakini nilikuwapo tulipolelewa. Mama yetu amekula mbele ya maaskofu. Amekula mbele ya maofisa wa kambi ya wakimbizi waliotuhesabu kama mbuzi, tena akaomba chumvi. Ni mwanaume mmoja tu ambaye mwanamke wa kizazi chake hali mbele yake, wala halali chini ya paa lake hata mvua inyeshe mawe, naye ni mkwe wake, mume wa binti yake. Sasa Mama ana binti mmoja, na binti huyo ni mjane, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye goti. Na kuna mgeni mmoja anayeshukuru kwa kila tonge.

Agosti kuna nini, dada?

Kuhusu marekebisho, yanaendelea.

Kagabo


Bukoba, 8 Juni 2025

Kagabo,

Hatujambo. Mambo ya Mzee Mugenzi hayakuhusu, na sauti yake ya besi ni zawadi ya Mungu, na sitaandika zaidi.

Tuje kwako. Umesahau kwamba nimefundisha jiografia tangu ukiwa unavaa kaptula, yaani kaptula ya kwanza, siyo hii ya uzeeni. Nimeweka barua zako mbili mezani. Februari unatoka nyumbani jua likiwa usoni, unarudi likiwa mgongoni. Mei unatoka jua likiwa mgongoni, unarudi likiwa usoni. Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia labda dunia imeanza kuzunguka kinyume na redio imesahau kutangaza. Kisha nikachora. Mtu anayeamka Niboye anakwenda mashariki kulifuata jua. Mtu anayeamka Busanza anakwenda Sonatubes akiwa ameligeuzia jua mgongo. Wewe hupiti pande za Busanza, Kagabo. Wewe unatokea Busanza.

Sikutaka kuamini karatasi peke yake. Ndiyo maana nilimpa Twizeyimana kahawa na senene wa kukaanga, nikamwambia awapeleke nyumbani Niboye kwa mkono wake, asikupigie simu. Illuminée alimkaribisha, akampa chai, akauliza hali ya Mama na hali ya goti langu. Kisha akagawa mzigo mara mbili juu ya meza. Akamwambia, "Huu wa Kagabo umpelekee Busanza kwenye maghorofa. Uliza mwalimu wa udereva anayepanda ngazi akihema." Twizeyimana anasema hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni duka la dawa.

Haya yote Twizeyimana ameyaeleza hapa sebuleni, kikombe mkononi, mbele ya Mama, kwa kuwa huyo mtu akili zake zote ziko kwenye dagaa. Mama ameomba nimsomee tena barua zako zote, kuanzia ya kwanza, na safari hii hakucheka mahali pa masista.

Miezi mitano umeniandikia viatu vya watu, soksi za watu, filimbi. Mimi sitaki kujua ulikosa nini. Nataka kujua Mama atalala wapi.

Mukunde


Kigali, 29 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Senene walifika. Niliwala wote nikiwa nimesimama, kabla sijafungua barua, na ni vizuri, kwa sababu baada ya barua nisingeweza.

Niko Busanza tangu Desemba. Ghorofa ya nne, vyumba viwili, na kimoja kati ya vyumba hivyo ni jina tu. Majirani ni watu wema. Yule wa chini anagonga dari kwa ufagio nikivaa viatu vya kukimbilia ndani. Ile njia niliyokuandikia Februari, ya kutoka getini Niboye na jua usoni, nilikuwa nimeshaacha kuikimbia. Niliikimbia kwenye karatasi. Nisamehe hilo, ilikuwa njia nzuri, na uzuri wake wote ulikuwa kwamba mwisho wake ni geti langu na mtu ndani ameshachemsha chai.

Hatukupigana na hakuna mwanamke mwingine; kwa mwili huu ungejua mwenyewe. Jioni moja Illuminée aliniuliza jambo la nyumbani, jambo dogo, wala silikumbuki. Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe kwenye simu. Hakucheka. Kisha akasema, "Kagabo, nimechoka kuchekeshwa. Nataka kujibiwa." Nikatafuta la kusema, na dada, lililokuja mdomoni lilikuwa mzaha, na nikautoa. Yeye akaenda kuniandalia begi.

Sasa nakujibu wewe. Hapana. Siwezi kumchukua Mama. Ngazi hizi ni nyingi, kijana wa kivuli changu mwenyewe anapumzika ghorofa ya pili, na Mama hatapanda mara ya pili hata akifika mara ya kwanza. Nikipanga nyumba ya chini na ua, mshahara wangu hautoshi, maana ile ya Niboye nimeiacha kwa Illuminée na bado nailipia benki, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiona barua hii haichekeshi mahali hapa, msomee Mama kama ilivyo.

Na sasa zamu yako. Mimi nimevua nguo barabarani, wewe bado umejifunga mtandio.

Kagabo


Bukoba, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Hii ni barua yako ya kwanza niliyoisoma mara moja tu.

Harusi ni tarehe ishirini na tatu Agosti, saa nne asubuhi. Mzee Mugenzi atahamia hapa, kwa kuwa kwake paa linavuja na kwaya inafanya mazoezi hapa tayari. Nilitaka kukuambia tangu Januari. Nilikuogopa. Si kukataa kwako nilikokuogopa, niliogopa wimbo ambao ungeutunga. Mwanamke wa umri wangu, na goti, na besi ya kwanza. Nilikuwa naisikia sauti yako kichwani usiku na mchana. Kwa hiyo nikaacha Mama awe sababu, na wewe ukaacha barabara iwe sababu, na tumemfanya mama mzima kama mzigo wa Twizeyimana, huyu anasema peleka kule, yule anasema peleka huku.

Nilimsomea Mama barua yako baada ya misa. Nilipofika pale pa "hapana", nilishusha sauti. Akasema nipandishe. Nikasoma mpaka mwisho. Nikaanza kulia, nikamwambia, Mama, basi nitaahirisha, Mzee Mugenzi atasubiri. Alinitazama kama ninavyotazama mwanafunzi aliyeweka Kigoma pwani.

"Nani aliwaambia nilikuwa nakwenda kwa Kagabo?" akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba Illuminée kwa baba yake. Nilikaa siku nzima kwenye mkeka natukanwa na wajomba zake kwa sababu ya pua ya mwanangu. Yeye ndiye niliyepewa. Kagabo nilikuwa naye tayari. Huyo akitaka kulala juu ya maghorofa, alale."

Kisha akaomba simu, yeye ambaye anasema simu ni ya misiba. Akaongea na Illuminée mwenyewe, kwa Kinyarwanda cha ndani ambacho nakisahau. Sikusikia kelele wala kicheko. Waliongea muda wa kuchemka ndizi. Aliporudisha simu alisema Illuminée amesema aje, na aje na mto wake, ya kwao migumu.

Nikauliza, na Kagabo? Akasema, "Hatukumtaja."

Njoo harusini. Ukitunga wimbo, uutunge mfupi.

Mukunde


Kigali, 28 Septemba 2025

Dada Mukunde, mke wa besi,

Shikamoo zenu wawili. Natumaini goti limepoa tangu ile siku uliyocheza kuliko wote, na kwamba shemeji ameshajua ni upande gani wa kitanda haupaswi kugusa. Wimbo sikuutunga. Nilikuja nao mpaka Rusumo, nikauacha hapo kwa maofisa wa forodha.

Mama alifika salama. Njia nzima kutoka kwenu alimkosoa dereva wa basi, akiniuliza mimi kama ndiye niliyemfundisha. Nilimfikisha Niboye jioni. Illuminée alitoka, akapiga magoti kidogo kumsalimu, wakakumbatiana kama tunavyofanya huku, polepole, upande huu na upande ule. Akachukua begi, akachukua mto. Kwangu akasema "habari ya safari", nikasema nzuri, na geti likafungwa bila kubamizwa. Kufungwa taratibu hivyo kunauma zaidi, lakini sikuandiki ili unionee huruma, ukianza hutajua kuacha.

Basi njia yangu imebadilika tena. Natoka Busanza, Sonatubes sigeuzi, nashuka Niboye. Kila asubuhi Mama amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani. Mimi nasimama nje ya kibaraza, najishika magoti, natafuta pumzi, na yeye ananitazama kama anatazama ng'ombe wa mnada ambaye hatanunuliwa. Ananiambia jana nilikuja mapema. Ananiuliza kama hao wanaonipita barabarani na wao wana miaka hamsini. Kisha ananiuliza maswali, dada, maswali ya kweli, nimekula nini, benki inasemaje, kwa nini Umutoni amekonda, na nikianza kuzungusha anainua mkono tu. Nimejifunza kujibu kwa sentensi fupi. Ni mazoezi magumu kuliko mlima. Jean-Paul hana filimbi ya hayo.

Illuminée alikuwa ndani siku zote hizo. Nilisikia sahani. Siku moja nilisikia akicheka kitu alichosema Mama, na nilipata kazi ya kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Wiki mbili zilizopita alitoka. Alikuwa na kanga ya kazi na mikono yenye unga. Alisimama mlangoni, na yeye ambaye tangu Desemba hajawahi kunitazama moja kwa moja, akanitazama. Akasema Mama hapendi maziwa ya paketi, anasema yana ladha ya ofisi. Akauliza kama ni kweli Busanza kuna mtu bado ana ng'ombe.

Nilikuwa na mzaha. Ulikuwa mzuri, ulihusu ofisi, ulikuwa umeshafika kwenye meno. Mama alikuwa ananitazama na yeye alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Yuko. Anakamua asubuhi mapema."

"Basi kesho leta."

"Nitaleta."

Hayo ndiyo maongezi yote. Niliyarudia njia nzima mpaka Busanza, jua machoni, nikitafuta mahali nilipoharibu, nikakosa.

Ila maziwa mabichi hayakimbizwi. Siku ya kwanza nilikimbia nayo kidogo tu, kwenye kidumu, kuanzia pale barabara inapoteremka. Yalipofika Mama alitikisa kichwa, akasema nimemletea siagi ambayo haijui kama ni siagi. Tangu siku ya pili natembea. Naamka mapema zaidi, nakwenda kwa mwenye ng'ombe, nashika kidumu kwa mikono miwili mbele ya tumbo langu, na tumbo angalau limepata kazi ya kuegemewa. Sonatubes madereva wa moto wamenyamaza; wananipisha. Jumapili Jean-Paul alinipita na kundi lake lote la soksi, akageuka akaanza kwenda kinyumenyume, akauliza, "Muzee Kagabo, leo iko nini, unatembea?" Nikamwambia nimebeba maziwa ya mama yangu. Akaitoa filimbi mdomoni. Kundi likapita pembeni kimya kimya, na mmoja akaniamkia.

Jana nilifika, Illuminée akafungua kifuniko pale pale mlangoni, akainamisha kidumu kidogo, akatazama. Akasema hayakutikisika. Akaingia nayo ndani, na mlango akauacha wazi. Nilibaki nimesimama. Nilisikia sufuria, nikasikia kiberiti. Sikujua kama ameusahau au hakuusahau, na sikutaka kuwa mtu wa kuuliza.

Mama alinishushia macho kuanzia kichwani mpaka miguuni, akafika kwenye viatu, akakaa hapo kwa muda. Akaniambia nivue hayo mavitu ya kijinga kabla sijaingia kuchafua sakafu ya mwenzangu.

Nikavua.

Mdogo wako,
Kagabo